Kati ya Magharibi na Isha: Mwongozo wa Kutazama Setilaiti kwa Macho Matupu

Adhana ya Magharibi ikishapita na giza likianza kukolea, huchomoza upande wa kusini-magharibi nyota nyeupe ambayo dakika moja kabla haikuwapo. Haimetimeti. Haina taa nyekundu wala ya kijani, wala haingurumi. Inapanda, inapita karibu na utosi iking'aa kuliko nyota zote, inateremka kuelekea kaskazini-mashariki, halafu inafifia na kutoweka katika anga tupu lisilo na hata wingu. Walinzi wa usiku, wavuvi wa dagaa na watoto waliotumwa dukani wameiona mara nyingi, na kila mmoja ana maelezo yake kuhusu ilikuwa kitu gani.

Mara nyingi huwa ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, ISS. Ni jengo la chuma na paneli za sola lenye upana wa mita 109, linalokwenda kilomita 28,000 kwa saa, kwenye kimo cha kilomita 400 na ushei. Ndani yake kuna watu wanaokula, wanaolala na kufanya utafiti. Tangu tarehe 2 Novemba 2000 kituo hicho hakijawahi kukaa bila mtu hata siku moja.

Kukiona hakuhitaji darubini wala fedha. Kunahitaji kujua saa ya kutoka nje na upande wa kugeukia. Tatizo ni kwamba miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa Ulaya na Amerika Kaskazini, kwa ajili ya anga la huko, ambako jua huzama kwa mshazari na mwanga wa machweo hukawia. Karibu na ikweta hali ni nyingine. Muda wa kutazama ni mfupi, lakini haubadilikibadiliki mwaka mzima, na viko vyombo vinavyopita juu ya Dodoma na Nairobi ambavyo mkazi wa London hawezi kuviona kamwe akiwa kwake. Mtazamaji wa ukanda huu anastahili mwongozo wake.

Kivuli cha dunia ndicho saa yako

Setilaiti haiwaki. Kinachoonekana ni mwanga wa jua unaogonga mwili wake na kurudi chini. Kwa hiyo mambo mawili lazima yatokee pamoja: huku chini kuwe kumeingia giza la kutosha, na kule juu jua liwe bado linamulika. Hali hiyo hupatikana baada ya jua kuzama na kabla halijachomoza. Usiku wa manane setilaiti za karibu huwa zimezama ndani ya kivuli cha dunia. Zinapita palepale juu ya kichwa chako na huzioni.

Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Chombo kilicho kimo cha ISS, kikiwa utosini, huingia kivulini jua likiwa nyuzi 20 hivi chini ya upeo wa macho. Gawanya, na utapata kama dakika 80 baada ya machweo. Chombo kilicho kilomita 550 juu hupata dakika 90 hivi. Kilicho kilomita 850 kinakaribia saa mbili. Dakika 25 za mwanzo anga bado ni jeupe mno, isipokuwa kwa vyombo vinavyong'aa sana.

Hapo ndipo kalenda ya sala inapomfaa mtazamaji, awe Mwislamu au asiwe. Magharibi huingia jua linapozama. Isha, kwa hesabu inayotumika kwingi, huingia jua likiwa limeshuka nyuzi 17 au 18, yaani kama saa moja na robo baadaye. Kipindi cha kati ya sala hizo mbili ndicho kipindi cha setilaiti. Dar es Salaam na Nairobi jua huzama kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni mwaka mzima, hivyo mtu anayetoka nje saa 1 kasorobo na kurudi ndani saa 2 usiku hajapitwa na mengi. Alfajiri mambo hurudi kinyumenyume: kuanzia karibu na adhana ya Alfajiri hadi anga linapopauka. Mwanza na Kigoma, kwa kuwa ziko magharibi zaidi na saa yao ni ileile ya Dar es Salaam, ziongeze robo saa au zaidi.

Kivuli hupanda kutoka mashariki. Ndiyo maana jioni chombo kinachokwenda mashariki hukatika njiani, kikigeuka rangi ya chungwa kwa sekunde chache kisha kupotea, huku kilichobaki magharibi kikiendelea kuonekana. Alfajiri hutokea kinyume chake: chombo hujitokeza ghafla katikati ya anga la magharibi, kana kwamba kimewashwa. Watu wengi hudhani chombo kilichofifia kimeanguka. Hakijaanguka. Kimeingia usiku wake, na baada ya nusu saa hivi kitatokea upande wa pili wa dunia kwenye jua.

Walio ughaibuni wana bahati tofauti. London mwezi wa Juni jua haliteremki zaidi ya nyuzi 15 hivi chini ya upeo, kwa hiyo ISS haiingii kivulini inapopita juu ya mji huo. Mswahili anayeishi huko anaweza kuiona mara kadhaa usiku mmoja, ikirudi kila baada ya saa moja na nusu. Akija likizo Tanga asiitafute usiku wa manane.

Kusoma ratiba

Mapito hutabiriwa kwa usahihi wa sekunde. Tovuti inayotumiwa zaidi na watazamaji ni Heavens-Above, iliyoanzishwa na Chris Peat, na ina programu yake ya simu. NASA nayo ina huduma ya Spot the Station kwa ajili ya ISS. Stellarium huonyesha ramani nzima ya anga pamoja na setilaiti zake. Jambo la kwanza ni kuweka mahali ulipo. Ukiacha mahali patupu, programu inaweza kukupa anga la mji mwingine kabisa, na utasimama uwanjani bure.

La pili ni saa. Programu hizi huandika saa kwa mtindo wa 24. Jioni, toa kumi na nane: 19:24 ni saa 1:24 usiku. Alfajiri, ongeza sita: 05:10 ni saa 11:10. Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa. Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo ziko saa mbili mbele. Wakazi wa Goma na Gisenyi hutumia saa ileile, lakini ukivuka tu kuingia Uganda hesabu inaruka. Pito la ISS hudumu dakika nne hadi sita, kwa hiyo kosa la saa moja halisameheki.

Kisha ipo safu ya mng'ao. Namba zake huwashangaza wageni kwa sababu zinakwenda kinyume: kadiri namba ilivyo ndogo ndivyo kitu kinavyong'aa zaidi. Macho mazuri porini huona hadi 6. Katikati ya mji wenye taa nyingi, 3 tayari ni shida. Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, ni -1.5. Zuhura ni -4, na ISS ikipita juu sana huweza kufikia hapo. Anayeanza achague mapito yaliyo chini ya -2 na yanayopanda zaidi ya nyuzi 40. Mengine atayaongeza macho yakizoea.

Pande za dunia huandikwa kwa herufi za Kiingereza: N kaskazini, S kusini, E mashariki, W magharibi. SW ni kusini-magharibi, na WSW ni kati ya hiyo na magharibi yenyewe. Dira ya simu husaidia, ila ikae mbali na gari na mabati, maana chuma huipotosha. Wakazi wa pwani wana dira nyingine isiyohitaji betri. Makka iko karibu kwenye mstari uleule wa kaskazini-kusini na Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, kwa hiyo kibla katika miji hiyo huelekea karibu kaskazini kamili. Ukijua msikiti wa mtaani umeelekea wapi, umeijua kaskazini. Mkono wa kulia ni mashariki. Kigali au Lubumbashi usitumie hesabu hii, kwa sababu kutoka huko kibla imeegemea mashariki.

Urefu angani hupimwa kwa ngumi. Nyoosha mkono, kunja ngumi, funga jicho moja: upana wa ngumi ni nyuzi 10 hivi. Ngumi tisa zikipangwa kutoka upeo wa macho hufika utosini. Ratiba ikisema chombo kitatokea SW kwenye nyuzi 10 na kupanda hadi nyuzi 62, tazama ngumi moja juu ya upeo upande wa kusini-magharibi, na tegemea kitapita juu ya ngumi sita. Ramani za anga zina jambo moja linalochanganya: mashariki na magharibi yake yamebadilishana ukilinganisha na ramani ya nchi. Iinue ramani juu ya kichwa kama unavyotazama dari, na kila kitu kitakaa mahali pake.

Ratiba za ISS zina tabia ya kuja kwa mafungu. Kila siku kituo hupita mapema kidogo kuliko jana, kama dakika 24 kwa wastani. Kwa kuwa dirisha letu la jioni ni fupi, kituo huonekana siku kadhaa zinazokaribiana, kisha hupotea kwa majuma. Anayefungua programu akakuta orodha tupu asiifute. Arudi baada ya wiki moja.

Nani anapita

Ukishakizoea ISS utataka kuwajua wengine. Kituo cha China, Tiangong, kilianza na sehemu yake ya kwanza Aprili 2021 na kukamilika mwishoni mwa 2022. Ni kidogo kuliko ISS, lakini katika pito zuri hulingana na Sirius au kuizidi. Njia yake haipandi zaidi ya nyuzi 41.5 kaskazini au kusini ya ikweta. Watu wa kaskazini ya Ulaya hukiona chini sana au wasikione kabisa, ilhali huku kwetu hupita utosini.

Lakini zawadi kubwa ya kuishi karibu na ikweta ni Hubble. Darubini hii maarufu ilirushwa Aprili 1990, na njia yake haivuki nyuzi 28.5 za latitudo. Picha zake zimetundikwa kwenye madarasa ya Uingereza na Ujerumani, ila wanafunzi wa London au Berlin hawawezi kuiona ikipita. Mtu aliye Morogoro, Mombasa, Bujumbura au Lubumbashi anaweza, na mkazi wa Muscat vilevile. Huonekana kama nyota ya mng'ao wa 2 hivi, ikitembea taratibu kutoka magharibi kwenda mashariki, kilomita 500 hivi juu. Haina fahari ya ISS. Lakini kujua kwamba nukta ile ndiyo iliyopiga picha za magalaksi ya mbali kunabadilisha namna ya kuitazama, na ni kosa kwamba walimu wachache wa sayansi wa ukanda huu huwatoa wanafunzi nje kuiona.

Wapitaji wengi zaidi hawana majina ya kusisimua. Ratiba huwataja kwa alama kama SL-16 R/B, na herufi hizo R/B humaanisha mwili wa roketi iliyokwisha kazi. SL-16 ni hatua ya pili ya roketi ya Zenit, pipa la chuma lenye uzito wa karibu tani tisa, lililoachwa kilomita 850 hivi juu tangu enzi za Umoja wa Kisovieti na miaka iliyofuata. Vyombo hivi havina anayeviongoza. Vingine hubiringika, na kwa sababu hiyo huwaka na kuzimika kwa vipindi vilivyo sawa. Ukiona nukta inayokolea na kufifia kila baada ya sekunde kadhaa, ikielekea kaskazini au kusini bila taa za rangi, umeona roketi mfu.

Kuna pia misafara. Usiku wa tarehe 23 Mei 2019, kwa saa za Marekani, kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 60 za kwanza za mtandao wa Starlink, na tangu hapo imezidisha hadi maelfu. Siku chache baada ya kurushwa, setilaiti hizo huwa bado zimefuatana kwenye mstari mmoja, na mtu asiyejua huona mkufu wa taa ukivuka anga kimyakimya. Simu hupigwa, video husambaa, uvumi hushika kasi. Rwanda na Kenya, zilizofunguliwa huduma hiyo mwaka 2023, watu wanaoiona misafara hii ndio haohao wanaoitumia intaneti yake. Baada ya majuma kadhaa setilaiti hupanda, hutawanyika na kufifia, hata kuzitambua mjini huwa vigumu.

Wanaastronomia hawazifurahii, na wana haki. Mistari ya setilaiti hukata picha za darubini kubwa. Kampuni nyingine ya Marekani, AST SpaceMobile, ilirusha BlueWalker 3 Septemba 2022 ikiwa na antena ya mita za mraba 64. Ilipofunguliwa, ililingana na nyota zinazong'aa sana angani. Septemba 2024 ilirusha nyingine tano za ukubwa huohuo. Kwa mtazamaji wa macho ni pito zuri. Kwa darubini ni kero. Mambo haya mawili ni kweli kwa pamoja, na mtazamaji mwema hayafichi.

Msomaji wa Kenya huenda akauliza kuhusu Taifa-1, setilaiti iliyorushwa kutoka California tarehe 15 Aprili 2023. Haionekani. Ina umbo la kisanduku chenye urefu wa sentimita 30 hivi, na jua linalodunda juu yake halitoshi kufika kwenye jicho. Ndivyo ilivyokuwa kwa setilaiti ndogo za Uganda na Rwanda pia.

Hata hivyo historia ya anga ya pwani hii ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. John Glenn alipoizunguka dunia Februari 1962, mmoja wa mitambo iliyomfuatilia ulikuwa Tunguu, Unguja. Na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya, roketi iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikibeba setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Iliitwa Uhuru, kwa heshima ya wenyeji.

Mimweko

Kwa miaka ishirini hivi, neno mmweko kwa watazamaji wa setilaiti lilikuwa na maana moja: Iridium. Setilaiti hizo za simu zilianza kurushwa mwaka 1997, na kila moja ilikuwa na antena tatu bapa zenye ukubwa wa mlango, laini na zenye kung'aa. Antena ilipolielekeza jua mahali ulipo, nukta hafifu ilikolea ghafla, ikafikia mng'ao wa -8, mara nyingi zaidi ya Zuhura, kisha ikazimika. Yote kwa sekunde chache. Doa la mwanga lilikuwa na upana wa kilomita chache tu ardhini, hivyo aliyekuwa Kariakoo aliweza kuuona mmweko mkali ambao mwenzake wa Bagamoyo aliuona dhaifu. Ratiba iliutaja kwa sekunde, na haikukosea.

Enzi hiyo imekwisha. Kati ya Januari 2017 na Januari 2019 kampuni ilirusha setilaiti mpya zisizo na antena za aina ile, na nyingi za zamani zikashushwa ziungue kwenye angahewa. Zimebaki chache zilizokufa, zinazobiringika ovyo, na mmweko wake haumo kwenye ratiba yoyote. Miongozo ya zamani inayoagiza watu wasubiri mimweko ya Iridium isifuatwe.

Kilichochukua nafasi yake kinataka uvumilivu zaidi. Setilaiti za Starlink, zikiwa chini kabisa karibu na upeo wa macho juu ya mahali jua lilipojificha, humweka moja baada ya nyingine kwenye eneo dogo la anga, kama mtu anayecheza na kioo mlimani. Kwetu hilo hutokea jua likiwa limeshuka nyuzi 40 hivi, yaani kati ya saa 3 na saa 4 usiku, magharibi. Upeo uwe wazi. Pwani ya Bahari ya Hindi inatazama mashariki, kwa hiyo anayekaa Malindi au Mtwara ajaribu baharini kati ya saa 9 na saa 10 usiku, kabla ya mapambazuko. Anayetaka ya jioni atafute ufuko unaotazama magharibi, kama wa Kigoma, ambako Ziwa Tanganyika liko mbele na milima ya Kongo iko mbali. Marubani huiona mimweko hii mara kwa mara wakiwa kazini, na baadhi wameiripoti kama vyombo visivyotambulika.

Mmweko mwingine unawahusu zaidi wakazi wa ikweta, na karibu hakuna anayewaambia. Setilaiti za televisheni hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, zikizunguka sawasawa na dunia, hivyo hazihami mahali pake. Ile inayobeba matangazo ya DStv iko nyuzi 36 mashariki, karibu juu ya Nakuru kabisa. Ndiyo maana madishi yake Nairobi hulala yakitazama juu. Kwa kawaida ni hafifu mno. Lakini karibu na tarehe 20 Machi na 22 Septemba, jua likiwa juu ya ikweta, paneli za setilaiti hizi huweza kurudisha mwanga moja kwa moja kwetu, muda mfupi kabla ya kuingia kivulini au baada ya kutoka. Kwa zile zilizo karibu na utosi huwa kuelekea saa 6 usiku na tena karibu na saa 7. Lala chali, tumia darubini ya macho mawili ya 7x50 au 10x50, na utazame mkanda unaopita juu kutoka mashariki hadi magharibi. Nyota zitasogea polepole. Nukta iliyotulia tuli, ikikolea kwa dakika chache kisha kufifia, ndiyo yenyewe.

Kutofautisha, na kupiga picha

Ndege ina taa za rangi zinazowakawaka, na usiku uliotulia utaisikia. Kimondo hukatika chini ya sekunde mbili. Zuhura na Mshtarii hazitembei mbele ya macho yako. Setilaiti hutembea bila kusimama wala kukata kona, na karibu kila mara huelekea mashariki, kaskazini au kusini. Nukta inayokwenda magharibi moja kwa moja kwa mwendo wa namna hiyo, ichukulie kuwa ni ndege mpaka uthibitishe vingine.

Mwezi haudhuru mapito yanayong'aa. Mawingu ndiyo adui. Bara la Tanzania, kuanzia Dodoma hadi Tabora, lina anga safi sana kati ya Juni na Septemba, wakati Nairobi hufunikwa na mawingu ya Julai. Pwani, Januari na Februari ni miezi mizuri. Masika hukatisha tamaa, ila jioni inayofuata mvua kubwa huwa imeondoa vumbi hewani, na ikifunguka, hufunguka vizuri. Mjini simama nyuma ya jengo linalokukinga taa ya barabarani, uyape macho dakika kumi bila kutazama simu.

Simu yenyewe inatosha kwa picha ya kwanza. Iegemeze kwenye jiwe au kigoda, usiishike mkononi. Ikiwa kamera yake inaruhusu kupanga mwenyewe, weka ISO 800 na sekunde 10, na tumia kipima muda ili kidole kisiitikise. ISS utosini hutembea nyuzi moja kwa sekunde, kwa hiyo picha hiyo itakuwa na mstari wa nyuzi kumi, upana wa ngumi uliyopimia. Kuwe na mnazi, paa au mnara pembeni ili ukubwa wa anga uonekane. Darubini au kamera isielekezwe kamwe kwenye jua, hata likiwa karibu kuzama. Jicho huharibika bila kuuma.

Mara chache sana mtazamaji ataona kitu kinachoanguka kweli: moto unaotembea polepole kuliko kimondo, ukimeguka vipande, pengine kwa dakika nzima. Andika saa, upande ulikotoka na ulikokwenda. Kingi huungua kabla ya kufika chini, lakini si chote. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, na Shirika la Anga la Kenya likaeleza kuwa ni sehemu ya roketi. Hakuna aliyeumia. Wanakijiji walifanya jambo sahihi: waliita wenye mamlaka. Chuma cha namna hiyo kisiguswe wala kupelekwa kwa wauza chuma chakavu, kwa sababu roketi huweza kubaki na mafuta yenye sumu.

ISS yenyewe haitakaa juu milele. Mpango uliopo ni kukitumia hadi 2030, na Juni 2024 NASA iliwapa SpaceX kazi ya kuunda chombo kitakachokisukuma kishuke katika eneo la mbali la Bahari ya Pasifiki. Mwenye mtoto wa shule ya msingi afungue ratiba leo, achague pito la wiki hii lenye mng'ao chini ya -2, na atoke naye nje dakika tano kabla.